Miwani ya theta kwa mtoto wa matege: nyota nne, na malalamiko yangu

Nawaandikia wazazi wenzangu ambao watoto wao wameandikiwa upasuaji wa mifupa hapa Mombasa na hawajui wawaambie nini. Nazungumzia miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomwonyesha mtoto theta, yaani chumba cha upasuaji, kabla hajaingia. Binti yangu ana miaka 10 na amefanyiwa upasuaji wa matege katika hospitali moja ya binafsi huku Kisiwani. Jina la hospitali silitaji, maana nina ya kuisifu na ya kuilaumu.

Kwanza upasuaji wenyewe. Binamu yangu zamani alikatwa mfupa akatiwa plasta mguu mzima. Huu sio huo. Daktari alinionyesha kibamba cha chuma chenye skrubu mbili, urefu wake kama kokwa ya tende. Hufungwa upande wa nje wa goti, juu ya ile sehemu ya mfupa inayokua. Upande huo unazuiwa, wa ndani unaendelea kurefuka, na mguu unanyooka polepole kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Ila yataka mtoto awe bado anakua, na ukiacha kurudi kliniki kupigwa eksirei, mguu waweza kupitiliza ukapinda upande wa pili. Vyuma lazima vitolewe mguu ukishanyooka, kwa hiyo kuna upasuaji mwingine mbele. Ulizeni bei yake mapema. Mimi niliambiwa bei ya kuvitia tu.

Sasa miwani. Siku ya kliniki ya mwisho sista alimvisha binti yangu miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa unajiona umelala kitandani unasukumwa: korido, mlango wa theta, taa kubwa juu, watu waliofunika nyuso, kisha barakoa ya nusukaputi ikikujia. Ukigeuza kichwa unaona kilicho kando yako. Mtoto huyu alikuwa akiona koti jeupe tu, analia. Alipomaliza akaomba arudie. Siku yenyewe, mtaalamu wa nusukaputi alipomkaribia, yeye ndiye aliyeanza: "Sasa utaniwekea ile ya mdomoni, sivyo?"

Mdogo wake naye aliitaka, sista akamkatalia. Alifanya vyema, kwani watengenezaji huwa wanaweka kikomo cha umri, na wengine miwani hii huwapa kizunguzungu.

Kasoro ya kwanza: sauti yote ni ya Kiingereza, tena cha haraka. Sista alilazimika kuinua kisikizio cha upande mmoja amweleze kwa Kiswahili, na picha huku inaendelea. Mombasa hii, jamani!

Ya pili ndiyo nzito. Filamu inakwisha mtoto anapolala. Kuamka hakumo: goti lililofungwa bendeji, dripu mkononi, kichefuchefu, maumivu. Binti yangu alizinduka akilia, "Hawakuniambia!" Alikuwa na haki. Ningewashauri, miwani ikishavuliwa, mchukue mwanasesere mumfunge bendeji gotini na plasta ya dripu mkononi, mtoto aone. Na mwambieni wazi kwamba kutauma na kwamba kuna dawa ya kutuliza. Nyanyake alitaka tumwambie anakwenda kupigwa picha tu. Nilimkatalia kwa heshima zote.

Malalamiko yangu makubwa hayahusu miwani. Tuliambiwa asitie kitu kinywani tangu usiku wa manane, hata maji, kisha akawekwa mwisho kwenye orodha. Joto la Mombasa mwalijua. Baadaye daktari wa nusukaputi mwenyewe aliniambia kwamba chakula kigumu ndicho husimamishwa muda wa saa sita kabla ya nusukaputi, lakini maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka zikisalia saa mbili. Muulizeni yeye, msiridhike na karatasi ya mapokezi. Na wanaotegemea SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisheni kibali chao kimetoka kabla ya kulazwa.

Miwani naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa wakitia sauti ya Kiswahili na sehemu ya kuamka. Utaratibu wa siku ya upasuaji naupa mbili.