Mbio za Oaks, Epsom: simama kwenye kona

Ukijaliwa kufika Uingereza msimu wa Epsom, uwanja wa mbio za farasi karibu na London, usisubiri Derby tu, mbio zake maarufu zaidi. Nenda siku ya Oaks. Ni farasi majike wa miaka mitatu peke yao, kama kilomita 2.4 juu ya nyasi, mbio zilizoanza 1779.

Jukwaani sikukaa. Nilipanda kilimani, karibu na kona ya Tattenham, na sijutii hata kidogo. Wanafika pale wameshapanda mwinuko mrefu, sasa wanateremka kwa kasi huku wakikata kushoto, na jike asiye na mizani anayumba mbele ya macho yako. Kishindo unakisikia kifuani! Halafu kuna ule mnyooko wa mwisho, ulioinamia upande wa ndani, unaowavuta waliochoka kuelekea uzio. Ndiyo maana ushindi wa jike aitwaye Snowfall mwaka 2021, kwa urefu wa farasi 16, bado unanisisimua.

Kasoro ya kona: mstari wa mwisho uko mbali. Beba darubini, na uvae viatu bapa. Ule mteremko si wa visigino.