Semina ya haki za binadamu Sakina, bure na inaeleweka

Jumamosi nilienda na mama mdogo kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria hapa Sakina, Arusha, bure kabisa, na aisee sikutegemea kama tungekaa mpaka saa nane mchana. Naandika maana watu wengi mtaani wakiskia haki za binadamu wanajua ni mambo ya wasomi.

Mwezeshaji hakuanza na vifungu. Alichukua helmeti ya dogo mmoja wa boda akaificha chini ya meza, akamuuliza nikikaa nayo wiki nzima ndo nikurudishie, utanishukuru? Dogo akasema nikushukuru kwa lipi na ni yangu! Basi haki ndo hivyo, akasema, umezaliwa nayo, kazi ya serikali ni kuilinda, na serikali ya mabavu utaijua tu, inakunyang'anya kusema na kukusanyika alafu inataka uje uombe kama hisani.

Mama mdogo, anauza ndizi soko la Kilombero, akanyoosha mkono: sasa baba, polisi wao, hakimu wao, mi nikashtaki wapi? Ukumbi ukatulia.

Hapo ndo tukaelezwa ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapahapa Arusha tangu 2007, mi napita kila siku sikujua inafanya nini. Kuna mhariri wa Burkina Faso, Konaté, alifungwa mwaka mzima sababu ya kuandika gazetini kuhusu mwendesha mashtaka, akaja kushtaki huku na 2014 majaji wakasema kumfunga vile ni kuvunja uhuru wake wa maoni. Ila sisi wenyeji, raia wa kawaida hawezi tena kwenda pale moja kwa moja kuishtaki serikali yake, Tanzania ilijitoa kwenye kipengele kinachoruhusu hilo Novemba 2019 na baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa. Iliniuma sana, mahakama iko mjini kwetu kabisa.

Kasoro zipo. Tuliambiwa saa tatu wakaanza saa nne na nusu, vipeperushi viliisha kabla havijafika nyuma, na habari ya polisi kukufikisha mahakamani ndani ya masaa 24 waliipitia mbiombio wakati vijana wa boda ndo walikuja kwa ajili hiyo. Nimewaambia wakirudi waanzie hapo.

Nyota nne. Ukienda nenda na mzazi wako, mkae mbele, na mwache aulize.