Uzoefu wangu: Nimempeleka binti yangu Exploratorium, San Francisco

Jamani naandika hii kwa wazazi wenzangu, hasa wenye watoto wa kike. Mi ni mtu wa Tanga ila naishi Oakland, nina binti wa miaka 9, na mtoto wa kaka yangu wa miaka 11 yuko kwetu likizo hii, basi jumamosi tukapanda treni ya BART tukashuka kituo cha Embarcadero tukatembea kando ya maji mpaka Pier 15, ndipo lilipo hili jumba la sayansi la Exploratorium.

Nilienda na wasiwasi. Mwaka jana nilimpeleka binti kwenye jumba jingine la sayansi, jina nalihifadhi, nikarudi roho inaniuma. Kule kila mashine ilikuwa na kiti kimoja na usukani mmoja, ukitaka kujua inafanya nini mpaka ukalie wewe, na kila kiti kina mvulana kashakaa na wengine nyuma wanasukumana, mwanangu kanishika mkono lisaa lizima, kila nikimwambia nenda anasema "mama mi naangalia tu". Nikajisemea huyu sayansi haimo. Mpaka leo najilaumu kwa kuwaza vile.

Sasa hapa. Siku hiyo Tinkering Studio, sehemu yao ya kuundaunda vitu kwa mikono, walikuwa na mchezo wa gololi, kuna mbao zimesimama zimejaa matundu, unachomeka vijiti, vipande vya mbao, paipu na faneli, unatengeneza njia gololi ishuke taratibu kadri unavyoweza. Kila ubao una nafasi ya watoto kadhaa na ukisimama nyuma unaona kila kitu. Binti alisimama kama dakika tano anaangalia wenzie, hakuna aliyemjali wala aliyemuita, halafu akachukua faneli, "mama hii si kama ya bibi ya mafuta ya taa?" akaingia. Gololi ya kwanza ikaruka ikaanguka sakafuni, akainamisha paipu kidogo, ikaruka tena, akainamisha tena, mara msichana mwingine asiyemjua akaja kushika upande wa pili. Dakika arobaini! Na shemeji zenu wasiseme wavulana wamesahauliwa, yule wa kaka yangu alikuwa ubao wa jirani jasho linamtoka.

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta, kumbe haikuwa bahati. Exploratorium walifanya utafiti unaitwa EDGE, wakachunguza vifaa zaidi ya 300 kwenye makumbusho matatu, kwao, Minnesota na Arizona, wakiangalia watoto wa miaka 8 mpaka 13, wakapata mambo 9 yanayowavuta wasichana. Nafasi ya watu watatu au zaidi. Kuweza kuona wenzio wanavyofanya kabla hujaingia. Vitu unavyovijua kutoka nyumbani. Maelezo yenye picha ya mtu na mchoro wa jinsi ya kutumia. Kazi isiyo na jibu moja. Kupaka kitu pinki hakumo kabisa! Na wavulana hawakupungukiwa kitu. Yaani yale yote niliyoyaona kwenye ule ubao wa gololi, na yote yaliyokosekana kwenye vile viti vya mwaka jana, nikakaa kitandani nikalia kidogo.

Wanasema pia kitu kikiwa na utani kinasaidia, na hapo mtakutana na bomba la maji ya kunywa lililowekwa ndani ya choo, choo kipya hakijawahi kutumika, maji safi, ila akili inagoma. Yule wa miaka 11 kakataa katakata. Binti kanywa, kafuta mdomo, akaanza kumuelezea binamu yake kwamba ni woga tu maana macho yanaona ni kisafi.

Karakana yao nayo iko wazi, unawaona mafundi wanavyounda vifaa, tuliyemkuta na drili ni mama wa makamo, binti alisimama pale mpaka nikamvuta.

Ushauri: fikeni asubuhi na msikimbizane kuona kila kitu, viko zaidi ya 600. Alhamisi usiku ni ya watu wazima, msije na watoto mkarudishwa. Sisi tunarudi mwezi ujao, keshachora njia yake ya gololi nyuma ya daftari la hesabu, kona tano, na faneli iko juu kabisa.