Faneli ya Kutolea Upepo Kwenye Rejeta: Tathmini Baada ya Kuitumia Kwenye Subaru Forester

Gari langu ni Subaru Forester ya kizazi cha pili, yenye injini ya EJ20 isiyo na turbo, na tatizo lililonifanya nitafute kifaa hiki lilianza siku chache baada ya kubadilishiwa mpira wa juu wa rejeta. Mshale wa joto ulipanda ghafla nikiwa kwenye foleni, kisha ukashuka wenyewe. Nyuma ya dashibodi nilisikia mlio kama wa maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Na hita, hata nilipoiweka kwenye joto la mwisho, ilipuliza hewa baridi ilhali geji ilionyesha kuwa injini ni ya moto. Fundi wa gereji niliyoiendea kwanza alishauri themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yazunguke kwenye rejeta, ing'olewe. Nilikataa. Dalili hizo tatu zikija pamoja, tena mara tu baada ya mfumo wa kupoza kufunguliwa, cha kwanza kushukiwa ni upepo ulionaswa ndani, na kung'oa themostati hakuuondoi upepo huo. Kunaifanya tu injini ichelewe kupata joto lake la kazi, inywe mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Seti niliyoinunua Gerezani, Kariakoo, haina jina la kampuni kwenye boksi lake, ingawa umbo lake ni lile ambalo mafundi wengi wanalijua kutokana na faneli za Lisle, kampuni ya zana ya mji wa Clarinda, Iowa, nchini Marekani. Ndani yake mna faneli kubwa ya plastiki inayopitisha mwanga, fimbo ndefu yenye kizibo cha mpira mwishoni, kipande cha shingo iliyopinda, na adapta kadhaa za kukazwa mahali pa kofia ya rejeta. Bei yake ilikaribia ile ya madumu mawili ya lita 4 ya kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini.

Anayeitazama mara ya kwanza anaweza kuuliza kwa nini asikate chupa ya maji ya kunywa na kuitumia kama faneli, jambo ambalo nami nimelifanya kwa miaka mingi. Tofauti imo katika kukazwa kwake. Upepo hupanda juu na kutulia mahali palipoinuka kuliko pengine pote, na katika magari mengi mahali hapo si shingo ya rejeta, bali ni mipira ya hita, ambayo hupita juu karibu na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Mtu anaweza kujaza rejeta hadi kulanti ionekane mdomoni, akafunga kofia kwa kuridhika, huku upepo ukiwa bado umejificha nyuma. Adapta inapokazwa isivuje, faneli yenyewe inakuwa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, na kulanti iliyomo ndani yake inakaa kama mzigo unaosukuma kwenda chini, hivyo kila povu linapotoka, nafasi yake inajazwa papo hapo na kimiminika, wala upepo haupati mwanya wa kurudi.

Katika injini za EJ jambo hili lina uzito wa pekee, na naomba msomaji mwenye Subaru alisome kwa makini. Themostati yake haikai juu, kwenye mpira unaotoa maji ya moto, kama ilivyo katika magari mengi, bali ipo chini, kwenye mlango ambao maji huingilia kwenye pampu, na huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 za Selsiasi. Ili ihisi joto, inategemea maji ya moto yanayorudi kutoka kwenye hita. Njia ya hita ikizibwa na upepo, maji hayo hayafiki, na themostati iliyo nzima kabisa inabaki imefungwa huku silinda hedi zikiungua. Pampu nayo haiwezi kuokoa hali, kwa sababu husukuma kwa kuzungusha, na ikikutana na upepo badala ya maji inazunguka bure. Hapo ndipo kipuri kisicho na kosa kinapotupwa, na gari linaendelea kuchemsha.

Nilifanya kazi hiyo asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, gari likiwa limeegeshwa kwenye mwinuko ili pua yake iwe juu. Nilikaza adapta, nikaifunga faneli juu yake, kisha nikalegeza skrubu ndogo ya plastiki iliyo juu ya rejeta upande wa pili, nikamimina kulanti polepole hadi ilipotoka kwenye skrubu hiyo bila mapovu, ndipo nikaikaza. Niliwasha injini, hita ikiwa kwenye joto la juu na feni yake kwenye kasi ya chini. Kwa dakika kumi hivi hapakuwa na la maana. Povu moja moja liliibuka, nami nikawa nabinyabinya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono wenye glavu, mbali na feni. Kisha kina cha kulanti ndani ya faneli kikashuka ghafla, kikafuatiwa na mapovu makubwa yaliyobubujika kwa karibu dakika mbili. Themostati ilikuwa imefunguka. Muda mfupi baadaye, hewa ya moto ilianza kutoka kwenye matundu ya dashibodi kwa mara ya kwanza tangu mpira ubadilishwe, na nilipopiga resi kwa upole hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, mapovu ya mwisho yakatoka. Sikuzima mpaka feni za rejeta zilipowaka na kuzima mara mbili. Kazi nzima ilichukua kama dakika arobaini, na sehemu kubwa ilikuwa kusubiri.

Hapa nina onyo ambalo karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi haikulitaja. Wakati faneli iko juu, mfumo uko wazi na hauna shinikizo. Kofia nyingi za rejeta za Kijapani zimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kipimo cha shinikizo ambalo kofia hulizuia, na kwa ile ya 1.1 maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Bila kofia yatachemka kwa nyuzi 100 pwani, na kwa mtu aliye Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, yatachemka kwa takriban nyuzi 95. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu huongeza nyuzi chache tu. Kwa hiyo injini isikanyagwe kwa nguvu, mshale ufuatiliwe muda wote, na uso usiwekwe juu ya mdomo wa faneli. Tena, kulanti yenye ethilini glaikoli ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto, paka au mbuzi akiilamba kutoka kwenye sakafu anaweza kufa, na mimi naona fimbo yenye kizibo, inayokuwezesha kuiondoa faneli bila kumwaga, inastahili bei yake kwa sababu hiyo peke yake.

Kasoro zipo. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia mvujo, ya adapta inayoingia kwenye rejeta yangu ni nyembamba mno, na mara ya kwanza ilivuja hadi nilipoweka nyingine nene zaidi kutoka duka la vipuri. Faneli haina alama za ujazo, kwa hiyo huwezi kujua umeongeza kiasi gani usipopima kwanza. Adapta zote zilizomo ni za kofia za kuzungusha robo, kama za Toyota, Nissan na Subaru. Nilipojaribu kwenye Volkswagen ya jirani, ambayo kofia yake hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu na ipo kwenye tanki la akiba, hakuna hata moja iliyokaa.

Ninachokithamini kuliko vyote ni ile plastiki inayopitisha mwanga, kwa sababu inakuonyesha mapovu yanavyoisha au yanavyokataa kuisha. Upepo ulionaswa una mwisho. Kwenye gari la shemeji yangu, lenye injini ya EJ25, mapovu madogo ya mfululizo yaliendelea hata baada ya feni kuzunguka mara tatu, yakizidi kila alipokanyaga mafuta. Tulizima na kupima kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya mwako, na ikageuka. Gasketi ya silinda hedi, inayozuia gesi ya mwako isiingie kwenye maji, ilikuwa imekufa, na hakuna faneli ambayo ingelitibu tatizo hilo.

Kwa gereji yenye kompresa, kifaa cha kunyonya upepo wote kwanza na kisha kuvuta kulanti ndani ni cha haraka zaidi, na geji yake hufichua mvujo kabla hata ya kujaza. Kwa mtu anayelishughulikia gari lake mwenyewe nyumbani, ningechagua faneli hii tena, na pamoja nayo ningenunua oringi mbili za ziada siku hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, nilifungua kofia na kuongeza kiasi kisichofika kikombe kimoja cha chai. Wiki mbili baadaye nilipanda mlima Kitonga nikiwa na abiria wanne na mizigo, nyuma ya malori yaliyokuwa yakitambaa, na mshale haukusogea kutoka mahali pake.