Kungoja feri ya Likoni: wapi pa kusimama na nini cha kutafuna

Safari yenyewe haina maneno mengi. Mlango wa bahari pale Likoni, Mombasa, una upana wa kama nusu kilomita, feri huukata kwa dakika zisizozidi kumi hivi, na mtu wa miguu halipi hata senti. Siku yako inatengenezeka au kuharibika kule kwenye kungoja, kwa hiyo hapa tunapima kungoja tu.

Saa kwanza. Watu wanaotajwa kuvuka kwa siku ni kama 300,000, na wengi wao wana haja ile ile saa ile ile: asubuhi kutoka Likoni kuingia kisiwani Mombasa, jioni kurudi. Anayekwenda kinyume chao hupata feri ya kunyoosha miguu. Asiye na hiari na avuke kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, au asubiri saa tatu ipite. Jioni saa kumi na moja hadi saa moja ndiyo mbaya zaidi, na ikinyesha mvua ongeza saa nzima, kwa kuwa matatu za upande wa pili nazo huadimika na watu hujazana chini ya paa.

Kabla ya kuingia bandani, pale abiria wanapongojea, tazama maji uhesabu feri zinazotembea. Zikiwa nne, mtu wa miguu hana la kuhofu. Ile utakayoikosa inafuatwa na nyingine upesi. Zikiwa mbili, usiingie kwenye msongamano. Upande wa kisiwani geuza uelekee Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2019, ambayo mwanzo wake hauko mbali na kivuko. Kaa kwenye kivuli cha mibuyu. Agiza dafu na muhogo wa kuchoma, uliopasuliwa katikati na kupakwa pilipili ya unga, chumvi na ndimu. Kagua muhogo kabla ya kulipa: ukivunjwa uwe mweupe na wa unga. Wenye mishipa ya buluu umelala, na hakuna ndimu ya kuuokoa. Kachri za muhogo, vile vipande vyembamba vya kukaanga, nunua zile zinazotoka karaini mbele yako. Zilizofungwa tangu asubuhi hulainika kwa unyevu wa pwani.

Pale pale ndipo penye tamasha la bure. Meli za bandari ya Kilindini zote hupita mlango huu, na meli ikija feri husimama kando kuipisha. Bandani watu husonya, lakini ukiwa ufukweni hizo ni dakika za kufurahia. Tazama rangi ya ubavu wa meli. Inayoingia na mzigo imezama, rangi nyekundu ya chini haionekani sana. Inayotoka mara nyingi imepanda juu na wekundu wote uko nje, kwa sababu makontena mengi yanarudi matupu. Tagi, zile boti zinazoisindikiza meli, zikishaipita gati, feri huanza tena. Huo ndio wakati wa kunawa mikono na kuteremka.

Ndani ya banda, usigombanie mstari wa mbele langoni. Lango likifunguliwa, wa mbele ndio wanaosukumwa kwenye mteremko, na nafasi haiongezeki. Shika ubavuni, unapopita upepo. Wa katikati huchemka. Begi liwe kifuani na simu ndani kabisa, kwani wezi wa mifuko wanajua ratiba kuliko manahodha. Viatu ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana mnamo saa nne na saa tano, mchana na usiku. Mteremko huwa mrefu na mkali, na saruji iliyokuwa chini ya maji asubuhi huwa na utelezi. Kandambili hapo ni mtego. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti haionekani sana.

Ukipanda, tafuta ngazi uende juu. Jioni ukielekea Likoni simama kulia: jua linatua nyuma ya winchi za bandari. Alfajiri ukija kisiwani kulia ni bahari kuu, na upepo wa kusi ukivuma utaupata usoni. Chini, kati ya mikokoteni na moshi wa malori, hakuna cha kutazama ila kisogo cha jirani.

Mtu wa miguu basi tunampa alama nne kwa tano. Mwenye gari mbili, na moja ni ya hisani.

Gari hulipa ushuru kwa ukubwa wake na foleni yake ni kitu kingine kabisa. Wikendi na sikukuu inaweza kula saa nzima na zaidi. Usiwashe AC ukiwa umesimama juani na gari lenye rejeta mbovu. Hapo ndipo magari huchemka na kuziba njia. Gari la bampa ya chini lisishuke maji yakiwa yametoka: pale mlango wa chuma wa feri unapokutana na saruji ndipo bampa huachwa. Likishapanda, vuta hendibreki, weka gia, abiria washuke. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri likazama, mama na mwanawe wakafariki, kwa hiyo mlinzi akikwambia shuka usibishane naye. Anayetoka Miritini kwenye kituo cha treni ya SGR au uwanja wa ndege kwenda Diani hana sababu ya kuja huku. Apite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri.

Ng'ambo ya Likoni usirukie matatu ya kwanza. Asubuhi kuna mbaazi za nazi na mahamri, na mahamri mazuri ukiyabonyeza huinuka tena. Yaliyobaki na alama ya kidole ni ya jana. Muuza kahawa tungu naye utamsikia kabla ya kumwona, akigonganisha vikombe. Mwombe akujazie nusu, kwani kikombe kikijaa huunguza vidole na matatu ya Ukunda haikungoji upulize.