Gesi au mkaa: hofu, ladha na mfuko

Wengi hawaikatai gesi ya kupikia kwa bei tu, wanaogopa pia mtungi kulipuka. Hofu hiyo ina dawa: paka povu la sabuni kwenye regulata, kile kifaa cha kichwani mwa mtungi, na mpira wa gesi. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Funga koki, fungua milango maana gesi hii nzito hutambaa chini, usiwashe hata taa. Mkaa unaaminika kwa mazoea tu, ilhali kaboni monoksidi yake, isiyo na harufu, huua waliolala chumba kilichofungwa.

Mkaa hununuliwa kwa kopo. Mtungi wa kilo 6 unadai hela ya mkupuo. Wali wa kupaliwa makaa juu? Hapo mkaa unashinda.

Mwenye mshahara na haraka ya asubuhi, gesi. Mama lishe, maharage kwa mkaa, chai kwa gesi.