Usukani wa kipepeo na mizigo ya safari ndefu: uzoefu wangu

Kwa mizunguko ya mjini, usukani wa baiskeli ulionyooka unatosha kabisa. Kazi inaanza pale unapokaa juu ya siti kutwa nzima, viganja vimeegemea palepale. Kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete vinakufa ganzi, na jioni kufungua kizibo cha chupa ni shughuli. Kinachobanwa ni neva ya ulna, inayopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Glavu zinapunguza mtikisiko, lakini dawa hasa ni kuhamisha mikono kila mara, na ili uihamishe lazima pawepo pa kuihamishia. Ndiyo maana nikafunga usukani wa kipepeo.

Kwa asiyeufahamu, ni bomba la aluminiamu lililokunjwa mfano wa namba nane iliyolazwa, upande wa mwendeshaji ukiwa wazi. Wajerumani na Waholanzi wanautumia sana kwenye baiskeli za safari. Uzuri wake mkubwa kwa mfuko wa mtu wa kawaida ni kwamba breki na shifta (vibadilishio vya gia) za usukani ulionyooka zinaingia vilevile, kwa sababu bomba lina kipenyo kilekile cha milimita 22.2. Ukitaka ule uliojikunja chini wa baiskeli za mashindano, hapo jiandae kununua breki na shifta nyingine. Ila pima kwanza mahali inapobana stemu, kile kipande kinachoushika usukani katikati: vipepeo vingi ni milimita 25.4, na stemu nyingi za siku hizi ni 31.8. Mwambie fundi aangalie na urefu wa waya pia, maana breki zinasogea karibu na kifua chako.

Nimeujaribu sana kwenye barabara ya Moshi kwenda Same, Hedaru mpaka Mombo, kisha kupanda Lushoto. Barabara ile inaelekea kusini-mashariki, na kusi inakupiga usoni, hasa pale Same ambapo hakuna miti ya kukukinga. Hapo nashika sehemu ya mbele kabisa, kifua kinashuka, viwiko vinakunjika, upepo unapita juu ya mgongo. Nikichoka shingo narudi pembeni, viganja vikitazamana kama nimeshika toroli, na mkandamizo unahama kabisa kutoka upande wa kidole kidogo. Kupanda kutoka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona kupitia Soni, pembeni ndipo penye nguvu: unavuta usukani huku kifua kikiwa wazi na pumzi inaingia vizuri.

Kasoro yake ni moja, na ni nzito: ukishika mbele uko mbali na breki. Kwenye barabara ya mabasi ya Arusha na Dar, au ukishuka kutoka Lushoto, mikono ibaki kwenye breki, hakuna mjadala.

Sasa mizigo, na hapa ndipo naona watu wengi wanaharibu. Wananunua usukani wenye nafasi nne za mikono, halafu wanafunga mbele mfuko mkubwa unaoziba tatu. Kwangu usukani unabeba kitu chepesi tu: koti la mvua, limekunjwa na kufungwa katikati ya kipepeo kwa vipande vya tyubu kuukuu. Mpira wa tyubu haufunguki kwa mtikisiko, na kwa fundi yeyote unaupata kwa bei ya soda. Nikishafunga, napitisha mikono kila nafasi. Kinachogusa vidole kinarudi kwenye keria.

Vizito vinakaa chini, kwenye mifuko ya pembeni. Natumia Ortlieb Back-Roller, jozi yenye lita 40, na mvua haijawahi kupenya. Lakini usirundike kila kitu nyuma. Ukifanya hivyo, kwenye mlima tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, wewe unaukamata kwa nguvu usiyumbe, na ganzi inarudi kwa mlango mwingine. Maji nayahamishia mbele, kwenye uma unaoshika gurudumu, chini kadiri inavyowezekana. Lita moja ni kilo nzima.

Angalia na siti. Ikiinamia mbele hata kidogo, uzito wa mwili unamwagikia mikononi, na hakuna usukani utakaokusaidia.

Utepe wa kuzungushia nunua pakiti mbili, moja haifiki mwisho. Wangu wa kwanza, wa bei rahisi, ulianza kufunguka kwenye kona za mbele. Nikazibana kona hizo kwa mpira wa tyubu na mpaka leo zimetulia.

Kwa lami na vumbi lililoshindiliwa, nunua bila wasiwasi. Kama njia zako ni za mawe na mchanga, usukani mpana ulionyooka, wenye vipembe pembeni, utakutii zaidi.